Trekta Lililokatika Kiunoni

Ukizungusha usukani wa trekta lile, magurudumu hayakugeuka. Mwili wenyewe ulijikunja katikati, nusu ya mbele ikaenda upande na ya nyuma ikafuata, kama ng'ombe anayegeuka kwenye kijia chembamba. Magurudumu yote manne yalikuwa na ukubwa mmoja na yote yalivuta. Lilikuwa trekta zee, fupi, jekundu. Nilipoliona likipanda mteremko bila kuteleza, nyuma ya nyumba ya mwenyewe kwenye barabara ya Mweso, nilijua linafaa shamba la baba kule Kingi.

Shamba hilo lilikuwa limelala tangu tulipokimbia vita. Tuliporudi, majani yalitufika kifuani na mizizi ilikuwa imeshikana chini kama mkeka. Kwa jembe, kaka yangu na mimi tusingelimaliza kabla ya mvua. Bila maharagwe na viazi vya msimu ule, tungerudi kambini Kashuga tulikotoka.

Mwenye trekta alikuwa rafiki wa marehemu baba. Zamani alimpa baba ng'ombe, baba naye akampa wake. Kwetu, waliopeana ng'ombe ni ndugu, na kukagua kitu cha ndugu mbele ya macho yake ni kumwita mwizi.

Hata hivyo nilikwenda na maswali yangu yamepangwa, maana niliwahi kufanya kazi ya kutafuta habari kwenye radio. Niliuliza kuhusu betri, matairi, pampu. Alijibu yote. Kisha nikapiga goti ili nione kile kiungo cha katikati.

"Unatafuta nini kule chini, mutoto yangu?"

"Naangalia tu, Papa."

Akawageukia wachungaji wa ng'ombe wake waliokuwa karibu. "Muone huyu! Siku nilipatia baba yake ngombe, ule muzee aliinama kukamata matiti? Alisema aksanti, akaongoza ngombe yake, njo basi."

"Pengine anaangalia kama iko na mimba," mchungaji mmoja alisema, wote wakacheka.

Nilisimama nikapangusa goti. Alitaka kulipwa kwa ng'ombe, nami nilimpa wote tuliobaki nao isipokuwa mmoja, mjukuu wa yule ng'ombe ambaye mzee alimpa baba. Huyo hakuuliziwa bei.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kaka aliendesha, udongo mweusi ukapinduka nyuma yake, na majirani wakaja kutazama.

"Dada, ile kitu inachezesha kiuno kushinda bibi-arusi!" mama mmoja alinipigia kelele.

Lilikatika tulipofika sehemu ya mlima. Nilisikia mlio kama wa mti unaovunjika, kisha nusu ya mbele ikageuka na ya nyuma ikabaki palepale. Kaka aliruka chini. Mimi nililala chali kwenye udongo chini ya kile kiungo, na safari hii hapakuwa na wa kunicheka. Rangi mpya ilikuwa imebanduka, na chini yake kulikuwa na chuma kilichochomelewa juu ya ufa wa zamani.

Tulimwita fundi kutoka Mweso. Aliingia chini ya trekta, akatoka haraka, na hakutaka kunitazama.

"Dada, hii chuma naijua. Mimi njo niliichoma."

"Lini?"

"Mbele ya wewe kuinunua. Nilimuambia Papa, hii kiungo imekufa, haitashika kwenye mulima. Akasema nichome tu, nipake na rangi."

"Haukumuuliza kama mununuzi ataona?"

Alifuta mikono kwa kitambaa. "Nilimuuliza. Akasema, mwenye ataichukua hawezi kuinama."

Nilikuwa nimejilaumu kwa uzembe. Kumbe rangi ilikuwa ya nyongeza tu. Alichotegemea ni adabu niliyofunzwa nyumbani kwetu, tena mbele yake, nilipokuwa mtoto nikimkaribisha kwa maziwa.

Kiungo kingine kama kile hakikupatikana hata Goma. Mvua ilitukuta hatujafika nusu ya shamba, tukapanda pale palipolimwa tu. Mengine yote yalibaki majani.

Asubuhi moja nikamfunga kamba yule ng'ombe wa mwisho. Kaka alisimama mlangoni mwa zizi.

"Dada, hii njo maziwa ya batoto."

Nilimjibu kwamba mimi siwezi tena kuyanywa. Akanipisha.

Kurudisha ng'ombe wa urafiki ni kusema urafiki umekufa. Watu waliokutana nami njiani walielewa, wakasogea pembeni bila kunisalimu. Nilimkuta yule mzee uani, na wachungaji wake karibu.

"Papa, nimeleta ngombe yenu."

Nilitegemea ataona haya, au atakataa kuishika kamba. Wachungaji walitazama chini. Yeye aliiegemeza fimbo yake kwenye ua, akamzunguka ng'ombe polepole, kisha akainama na kumbana matiti, moja baada ya lingine, mpaka la mwisho.