Fundo la Ufunguo

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya mtaa wa Asiatique ilikuwa na kufuli nyingi kuliko watu. Vita vilikuwa vimetufundisha kufunga. Hata kabati la vyombo lilikuwa na komeo lake, kana kwamba mtu mwenye bunduki angekuja kufuata sahani zetu. Baba alikuwa amekwama Kigoma na bidhaa zake tangu boti ziliposimama, tukabaki watatu: mimi, mama aliyekuwa na mimba ya mwezi wa tisa, na bibi, mama yake mama.

Upande wa pili wa ukuta wetu kulikuwa na chumba cha kushonea cha mjomba Issa, kaka pekee wa mama. Mwaka uliotangulia alikwenda mtaa wa Kibenga kumpelekea bwana harusi suti yake. Alimwachia mama ufunguo, akasema atarudi kabla chai haijapoa. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Mama aliufunga ufunguo ule kwenye pindo la kitenge chake, fundo gumu, na kila alipobadili kitenge aliuhamisha. Alilala nao.

Uchungu ulianza siku moja baada ya alasiri. Mama alishika meza, bibi akatandika, mimi nikatumwa maji. Ilipoingia magharibi ukakoma ghafla, kama redio iliyozimwa. Kesho yake ukarudi wakati uleule, ukakoma vilevile. Safari hiyo nilisikia kitu. Kabla mama hajashika meza, ng'ambo ya ukuta cherehani ilianza kulia, polepole kwanza, kisha mbio, kama mjomba alipokuwa akishona mapazia. Nilimtazama bibi, nikamkuta naye anautazama ukuta. Chumba kile kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mama.

Asubuhi tulimpeleka kliniki. Daktari alimpima kwa utaratibu, akasema ni uchungu wa uongo, njia bado haijafunguka. Hata hivyo alitaka kumpasua Ijumaa. Alieleza habari za amri ya kutotoka nje na vizuizi vya barabarani, na wanawake waliofikishwa kwake wamechelewa. Mama alikuwa mtu wa kuitikia kila neno la mwenye koti jeupe. Siku hiyo aliuliza.

"Docteur, mutoto ndiye ako mu hatari, ao ni barabara?"

Daktari alivua miwani. Nampenda mpaka leo kwa kuwa hakudanganya.

"Mutoto ako muzuri, mama. Ni barabara."

Basi mama akasema atangoja. Daktari hakununa. Alimweleza dalili za kumrudisha mbio: damu, homa, mtoto kuacha kucheza.

Bibi hakupendezwa hata kidogo. Yeye hakuona ugomvi wowote kati ya daktari na imani zake. Alitaka kisu na alitaka mafundo yafunguliwe, vyote viwili. Wazee wetu waliamini kwamba penye kitu kilichofungwa ndani ya nyumba, mzazi naye hufungika. Kwa hiyo tulipofika nyumbani alianza kazi. Alifungua kufuli, masanduku, magunia ya mchele, kamba za chandarua na za viatu vyangu. Nywele zangu zilikuwa zimesukwa juzi tu. Alizifumua zote huku nalia. Mlango wa mbele ukabaki wazi, vita vimepamba moto, na wapita njia wakatutazama kama wendawazimu.

Alasiri uchungu ulikuja, na cherehani nayo. Magharibi vikakoma pamoja.

"Iko fundo moja imebakia," bibi alisema.

"Ile apana, mama."

"Mutoto anapiga hodi, we unashikilia mulango ya mutu mwingine."

Mama akalia. Sikuwa nimemwona akilia hata mara moja tangu mjomba apotee. Alisema akilifungua fundo lile atakuwa amekubali kwamba kaka yake harudi. Lakini Issa alikuwa mwana wa bibi, na mimi mtoto sikuwa nimelifikiria hilo kabla ya jioni ile.

Kesho yake cherehani ilipoanza, mama aliinuka mwenyewe. Alilifungua fundo kwa meno. Tulitoka mpaka mlango wa pili, na alipozungusha ufunguo sauti ikakatika. Ndani kulikuwa na vumbi na harufu ya mafuta ya mashine. Chini ya sindano palilala mkono wa shati ulioshonwa nusu. Utando wa buibui ulitoka kwenye gurudumu la cherehani hadi mezani, mzima, haujakatika hata uzi mmoja. Niliogopa nikashika nguo ya bibi.

Mama aliutoa utando kwa kiganja, akaketi kwenye kigoda cha kaka yake, akakanyaga mara moja. Cherehani ikalia kwa sauti ileile tuliyoijua. Hapohapo maji yakamwagika sakafuni.

Jirani alitubeba kwa pikapu yake, jua bado lipo, na mdogo wangu akazaliwa bila kisu. Wiki iliyofuata barabara ya kliniki ilifungwa kabisa. Nalisema hili kwa sababu ndugu zangu hupenda kusimulia kisa hiki wakiwacheka madaktari. Daktari alikuwa na sababu. Mama alikuwa na bahati.

Siku ya saba bibi alitaka mtoto aitwe Issa.

"Apana," mama alisema. "Jina yake angali anaitumia."

Ufunguo ulikuwa umesharudi kwenye pindo.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, nami nilipata uchungu wa kuja na kuondoka, na daktari akataka kunipasua. Nilimwuliza swali la mama. Akanijibu kwamba mara hii ni mtoto, nikakubali. Kabla sijaingizwa ndani, mama alifungua fundo, akaniwekea ufunguo kiganjani. Chumba cha mjomba kilikuwa kimebomolewa zamani. Hakuna mlango popote ambao ufunguo ule ungeufungua. Niliushika kwa nguvu hata hivyo, mpaka muuguzi aliponinyang'anya na kumrudishia mama.

Utotoni nilidhani siku ile ya cherehani mama alimwachia kaka yake aende. Niliporudishwa wodini na binti yangu, nilimkuta mama ameketi kando ya kitanda, ameinamisha kichwa. Alikuwa anakaza fundo, bila haraka, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba mwenye ufunguo atarudi kabla chai haijapoa.