Maumivu kwa Hisani ya Dawa ya Kuchua

Goti lililovunjika lilipona mbele ya kamera yangu, laivu, nchi nzima ikitazama. Wenzangu walishangilia. Mimi niliweka kamera chini.

Kazi yangu ni kupiga picha za tivii. Kwenye mechi za ligi ya kikapu, zile zinazokuja baada ya taarifa ya habari, nakaa chini ya goli na kamera begani. Kitambi changu wachezaji wanakijua, wanakikwepa kama beki.

Msimu ule kampuni moja ya dawa ya kuchua misuli ilidhamini kipengele. Mchezaji akianguka, tunarudia tukio taratibu, tunauvuta karibu uso ulivyojikunja, kisha maandishi yanapita: "Maumivu haya yamekujia kwa hisani ya..." Halafu jina la dawa.

Nilimwambia bosi hii inatia kinyaa.

"Wewe lenga," akasema. "Kinyaa tuachie sisi."

Basi siku hiyo akaanguka Nguzo, kipenzi cha mashabiki. Kashika goti, analia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Bosi yuko kwenye gari la matangazo, ananipigia kelele kwenye kidude cha sikioni: "Uso. Nipe uso."

Moyo ukakataa. Nikashusha kamera.

Nguzo akafungua jicho moja.

"Mzee, pandisha kamera," akanong'ona. "Sijaumia. Uso usipoonekana, wale wa dawa hawanipi changu."



Sasa jukwaani alikuwepo mama yake. Kwenye skrini kubwa anaona goti la mwanawe likipinda, linarudiwa, linapinda tena. Hakuna aliyemwambia ni usanii.

Akashuka ngazi mbio, anawasukuma watu. "Nipisheni, mwanangu yule."

Akakosa ngazi. Mkono ukatangulia chini, ukapinda mahali pasipo na kiungo.

"Bosi, kuna mama kaanguka, ita daktari," nikasema.

"Huyo hana mdhamini. Rudi kwa Nguzo."

Lakini Nguzo naye alishamwona. Akaruka mabango ya matangazo, akazipanda ngazi kama anafukuzwa na nyuki. Kamera nyingine zote zikamfuata.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mtangazaji hewani: "Ameinuka, watazamaji. Dawa imefanya kazi."

Nikachomoa kile kidude sikioni, nikaweka kamera chini, nikaenda kumshika mama mkono uliobaki mzima.

"Mama nisamehe," Nguzo analia, safari hii machozi ya kweli. "Lilikuwa tangazo tu."

"Kwa hiyo goti haliumi?"

"Haliumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Basi nashukuru," akasema. Kisha akazimia.

Wiki iliyofuata likatoka tangazo jipya. Nguzo anachomoka sakafuni kama swala, chupa ya dawa inang'aa pembeni. Mama wamemkata kwenye picha.

Jamani, anayetaka kuigiza maumivu aigize. Ila mama aambiwe mapema, maana yeye ndiye mtazamaji pekee asiyeweza kubadilisha chaneli.