Mkojo wa Sungusungu na Penisilini ya Magesa

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari wa Mifugo wa Mkoa pale Musoma alinipa chupa ya jamu yenye maji ya rangi ya kahawia. Akaniuliza, "Binti, mbwa mwenye mkojo huu utamtibu kwa dawa gani?"

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Nikajibu haraka kwamba ningempa penisilini.

Akaichukua chupa mkononi mwangu. "Hukuuliza kama ni dume au jike, ana umri gani, anakojoa mara ngapi. Hata kunusa hukunusa. Hii ni chai ya rangi."

Ofisi nzima ilicheka, yeye hakucheka. Aliniambia mwenye mnyama anaweza kukudanganya, dawa inaweza kukudanganya, na chupa ya mkojo nayo pia. Nikaanza kazi nikiwa na aibu, na aibu ile ikanifanya mtu wa kushuku kila kitu. Nilidhani ndiyo sifa ya mtaalamu.

Vijana wa leo mnaingia dukani mnachagua. Sisi tulianza miaka ambayo hata sabuni ya kunawia mikono baada ya kuzalisha ng'ombe ilitafutwa kwa kibali. Dawa zilikaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo alikuwa nao Daktari wa Mkoa mwenyewe. Zilikuwa za ng'ombe. Kumwandikia mbwa au paka ilibidi uwe na sababu inayosimama.

Ndiyo maana alitufundisha kupima kabla ya kuomba. Mkojo ulikingwa katikati, ule wa mwanzo ukiachwa umwagike, kwa sababu hubeba uchafu wa nje. Tone moja liliwekwa chini ya darubini. Ukiona chembe za usaha na vijidudu, hapo una ugonjwa wa kutibu. Halafu ulichovya karatasi ya litmasi, ambayo mkojo mchachu huifanya nyekundu. Vijidudu vya mviringo pamoja na mkojo uliogeuza karatasi kuwa ya buluu vilituelekeza kwenye penisilini, maana dawa hiyo hutolewa na figo na kujikusanya kwa wingi kwenye mkojo. Vijidudu vya umbo la fimbo kwenye mkojo mchachu mara nyingi viliikataa, tukaomba vidonge vya salfa iliyochanganywa na trimethoprimu. Haya yalikuwa makisio tu. Maabara ya kuotesha vijidudu na kuvijaribisha dawa moja moja ilikuwa Mwanza, na gari halikuwa na mafuta.

Paka walikuwa habari nyingine. Fundi cherehani mmoja wa Nyakato, palepale Musoma, alileta paka dume aliyechuchumaa siku nzima bila kutoa kitu. Nikaomba sindano. Daktari wa Mkoa akashika mkono wangu akauweka kwenye tumbo la paka, nikahisi kibofu kigumu kama limau. "Huyu ameziba," akasema. "Dawa ya vijidudu itamfikia akiwa maiti." Akamzibua kwa mrija mwembamba. Tangu hapo nilijua kwamba paka wengi wanaokojoa damu hawana kijidudu chochote, na anayewachoma sindano anapoteza dawa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bunda. Huko nilimkuta Magesa, mtunza stoo wa idara, mtu mpole aliyeandika kila kichupa kwa mwandiko wa kishule. Tulifanya kazi vizuri. Kisha biashara ikaachiwa huria. Sokoni Bunda, kando ya marobota ya pamba, zikatokea meza za dawa: unga usio na jina, vichupa vilivyobanduliwa karatasi, vidonge vinavyovunjika kama chaki. Nilimwona kwa macho yangu mtu akimuuzia mfugaji dawa ya macho aitumie kwa kuhara. Wakati huohuo serikali ikapunguza watumishi, na Magesa akawa mmoja wao. Akafungua duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Mimi nikapelekwa Butiama.

Kuanzia hapo nilianza kumwangalia Magesa kwa jicho lingine. Amepata wapi mzigo? Dawa zilizopungua stoo mwaka alioachishwa kazi zilikwenda wapi? Hakuna aliyeniambia neno baya juu yake. Nilijitungia mwenyewe.

Butiama alikuwepo mjane mmoja, Mama Wambura, mwenye ng'ombe tisa na mbwa dume mkubwa aliyemwita Sungusungu, kwa jina la walinzi wa jadi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa mwingi, na bila mbwa huyo mama asingeweza kulala. Asubuhi moja alikuja kwangu akimvuta kwa kamba.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huyu anakojoaga damu. Wamemtilia kitu. Wezi wanamlegezaga mbwa kwanza, halafu wanakuja."

Nikapima. Usaha upo, vijidudu vya mviringo, karatasi ya buluu. Penisilini. Sikuwa nayo, nikaagiza kwenye duka la Magesa, maana meza za sokoni nilizishuku zaidi, nikamchoma mbwa siku zote zilizotakiwa. Mkojo ukawa safi. Wiki mbili baadaye damu ikarudi. Nikamchoma tena, akapona tena, ikarudi tena.

Kwanza nilimshuku Mama Wambura kwamba anamficha mbwa siku za sindano, lakini mama hakukosa hata siku moja. Ndipo nikakiinua kichupa kwenye mwanga, nikaona kama kimejaa maji matupu. Nikaandika barua kwa Daktari wa Wilaya kwamba Magesa anauza penisilini iliyochakachuliwa. Haikunichukua hata nusu saa. Duka likafungwa kwa lakiri kusubiri uchunguzi.

Sungusungu akazidi kudhoofu, akawa halali wala hainuki vizuri. Mwezi ule wezi wakachukua ng'ombe wawili wa Mama Wambura. Alikuja kuniambia bila kulia. "Mbwa aliwasikia," akasema. "Alishindwa kusimama." Nikamwambia wa kulaumiwa ni muuza dawa. Niliamini hivyo.

Daktari wa Mkoa, akiwa amebakiza muda mfupi kustaafu, alipita Butiama kwenye ukaguzi. Nikampeleka kwa mama nikitaka anione nilivyo makini. Aliuliza maswali machache, akavaa glavu, akampima mbwa kwa kidole kwa nyuma. Sungusungu akalia.

"Tezi dume imevimba," akasema. "Ulishawahi kuigusa?"

"Hapana, mzee."

"Mbwa dume asiyehasiwa, ugonjwa unarudi vilevile kila ukiacha dawa, na hukuigusa. Vijidudu vimejificha humo. Penisilini imesafisha kibofu, lakini ndani ya tezi hii haipenyi. Ukiiacha, vinatoka upya."

Nikamwonyesha kichupa. Akakisoma, akakitikisa. "Hii ni dawa nzuri. Ingekuwa maji, mkojo usingesafika hata mara moja. Wewe uliuona umesafika mara mbili."

Alisema vinahitajika vidonge vya salfa na trimethoprimu, vinavyopenya kwenye tezi, kwa wiki nyingi na si siku chache. Kabatini Musoma havikuwepo. Nikaulizia Bunda nzima, nikaambiwa vimo katika duka moja tu, lile lililofungwa kwa barua yangu.

Nilikwenda na Daktari wa Wilaya kufungua lakiri. Magesa alisimama mlangoni, akanisalimia kwa adabu ileile ya stoo. Nikamwambia nilikosea.

"Dada," akasema, "ulikuwa unanijua miaka mingapi?"

 Akaingia, akatoa daftari la mapokezi na maboksi matatu ya dawa alizokataa kuuza kwa sababu alizitilia mashaka. "Mimi nilikuwa nasoma kila kichupa kinacholetwa. Wewe ungepanda basi tu ukaniuliza." Kisha akanihesabia vidonge, akaandika juu ya bahasha jina la mbwa na jinsi ya kumpa, kwa mwandiko wake wa kishule.

Sungusungu alimeza vidonge kwa wiki sita, Mama Wambura akivificha ndani ya ugali na dagaa. Nilipima mkojo wakati wa dawa, na tena baada ya kuacha. Ukabaki safi. Mama alikataa mbwa ahasiwe, akisema mbwa mpole hamfai, nami sikubishana naye. Ng'ombe wawili hawakurudi.

Niliandika barua ya pili kumsafisha Magesa. Daktari wa Wilaya aliibandika ukutani. Watu waliosikia kwamba duka limefungwa walikuwa wengi, waliokuja kusoma ukuta walikuwa wachache. Msimu haukuisha, Magesa akafunga duka mwenyewe, akaenda Kiriba kulima mihogo.

Sasa nimestaafu, nakaa Nyakato. Vijana wa fani hii huja kuniuliza dawa gani ni kali zaidi. Nawaambia wamguse mnyama kwanza, na wasirukie dawa kubwa wakati ndogo haijajaribiwa kwa haki. Wanaandika. Habari ya barua siwaambiagi, ndiyo nawaandikia hapa.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Kiriba. Magesa alikuwa amekaa nje anamenya mihogo, macho yameanza kumsumbua. Alinitambua kwa sauti. Akanipa kigoda, nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, nikaishia kumsogezea mihogo.

Yeye ndiye aliyeuliza. "Yule mbwa wa yule mama, aliishi?"

"Aliishi mpaka akazeeka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea kumenya.

"Basi dawa ilikuwa nzuri," akasema.