Kiti chenye mto na miche ya sabuni

Mjukuu wangu huyu alizaliwa amekunja ngumi, na mkunga alipoikunjua akakuta ndani yake kamba ya kupimia nguo. Mkunga mwenyewe amekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kunipinga. Tulimwita Sindano: mwembamba, ana ncha, na akikugusa unajua umeguswa.

Mchana anashona sare za shule kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la vitambaa, kwenye ile cherehani ya dirishani yenye kanyagio linalolia kama paka aliyebanwa mkia. Jioni anakwenda chuo kikuu kusomea biashara na uchumi. Anaingia darasani na nyuzi bado mabegani, na kamba ya kupimia shingoni, kwa sababu huisahau. Mimi sikukanyaga darasa hata la kufagia, lakini nasema wazi: siku alipopewa kitambulisho cha chuo, nilikivaa mimi wiki nzima.

Mambo yalikwenda shwari mpaka likaja somo la takwimu. Likamwangusha chini kama gunia. Na chuo kile hakina mchezo: ukianguka somo hilo mara ya pili, unafungasha. Aliniambia habari hiyo jikoni, huku akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Bibi, nikianguka tena ndiyo basi. Wananitoa."

"Wakutoe kupitia mlango upi? Nitaung'oa."

"Bibi, nasema kweli."

"Kwani mimi nasema nini?"

Hakucheka. Nikajua jambo limefika mfupani.

Shida yake haikuwa kuhesabu. Alikuwa anazikariri zile kanuni bila kuzielewa, na mtihani ukizigeuza kidogo tu, zinamkimbia. Basi jioni moja alikuwa anapinda sketi mezani, nikamuuliza, "Hebu, mke mwenzangu, huo wastani unaokunyima usingizi ni mdudu gani?"

"Chukua viuno vya wanafunzi wote, uvijumlishe, ugawanye kwa idadi yao. Unapata kiuno kimoja. Huo ndio wastani."

"Basi shona sketi zote kwa kiuno hicho ulale mapema."

"Aa, Bibi! Nusu zitawabana wasipumue, na nusu zitawadondoka mbele ya mwalimu mkuu!" Kisha mkono wenye mkasi ukabaki hewani. "Ndiyo maana tunapima na mtawanyiko."

"Nani katawanyika?"

"Namba. Zinakaa mbali kiasi gani na wastani. Wastani peke yake hauvishi mtu nguo!" Akanirukia akanikumbatia, ubavu wangu mmoja ukahama, na mpaka leo haujarudi mahali pake.

Tangu hapo akawa anasoma kama anayekula. Ila palikuwa na kazi moja ya kutoka nje ya darasa, yenye uzito wa kukufaulisha au kukuangusha. Mwalimu wao aliwaambia kila mmoja achague bidhaa moja, atafute nyumba za mtaani kwake zinaitumia kiasi gani kwa mwezi, kisha asimame aeleze darasa amejuaje. Sindano akachagua sabuni ya mche, ile ndefu tunayoikata kwa uzi.

Sasa nieleze kuhusu kibaraza changu. Kila alasiri majirani hukusanyika pale. Kuna benchi, kuna madebe yaliyogeuzwa, na kuna kiti kimoja tu chenye mto. Kiti kile hakikaliwi kwa umri wala cheo. Anakikalia aliyesimulia kubwa kuliko wenzake. Ukileta habari ndogo, unarudi kwenye debe, na debe lile lina ukingo. Mimi nimekikalia miaka mingi mpaka mto umechukua sura yangu.

Sindano akaona watu wamejaa pale, akasema moyoni kazi imekuwa rahisi. Akaja na karatasi yake akaanza na Mama Mapacha, jirani yangu wa ukuta mmoja.

"Nyumbani kwako mnatumia miche mingapi kwa mwezi?"

"Mitano," akasema Mama Mapacha.

Kibaraza kizima kikacheka. "Mitano?" akadakia fundi baiskeli. "Hao mapacha unawapangusa kwa mate?"

Mama Mapacha akaona debe linamwita. "Ngoja nimalize basi. Mitano ni ya soksi tu. Jumla ni kumi na miwili."

"Mimi na grisi hii," akasema fundi, "kumi na mitano ni ya mkono wa kulia. Wa kushoto tuuseme au tuufiche?"

Kinyozi akaja na thelathini, akaapa. Ikafika zamu yangu. Nikajiweka sawa kwenye mto.

"Andika mia. Mwezi uliopita nilifua wingu. Lilipita hapa juu limechafuka, nikalivuta kwa kulabu ya kuopolea ndoo kisimani, nikalisugua, nikalianika. Mkiona mawingu meupe siku hizi mnadhani ni ya nani?"

Sindano akaniangalia. "Bibi, wewe nakutoa kwenye hesabu."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa wingu."

Akanifuta. Na kwa kuwa amenifuta mimi, akaamini waliobaki ni wasafi. Akajumlisha, akagawanya, akapeleka.

Mwalimu wake ni mama mfupi mwenye sauti ndogo, lakini sauti hiyo ikitoka, darasa zima linajikunja. Akaisoma ile kazi mara mbili. "Kila nyumba miche kumi na tisa kwa mwezi," akasema. "Hao jirani zako wanaifulia au wanaila?"

Darasa likaangua kicheko. Sindano akasimama kidete. "Aliyezidisha nimemtoa, mwalimu."

"Mmoja tu? Nenda ukafikiri walijibu wakiwa wapi. Nakupa wiki moja. Baada ya hapo naandika alama, na unajua alama hiyo ikoje."

Alirudi akakaa kwenye debe. Mimi nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kujitetea, mazuri kweli, lakini hakunilaumu.

"Bibi, Mama Mapacha alianza na mitano."

"Alianza. Tukamcheka."

"Basi!" Akaruka kutoka kwenye debe. "Kosa si wingu lako. Wingu kila mtu analiona. Kosa ni kiti."

"Kiti changu kimekukosea nini tena?"

"Niliwauliza mbele ya kiti. Kila mmoja alimsikia mwenzake akapandisha. Nikimtoa mkubwa wao, waliobaki bado wamevutwa na kamba ile ile. Tena wanaokuja hapa ni wapenda hadithi. Wakimya wa mtaa huu sijamuuliza hata mmoja!"

Nilimtazama mtoto wa mwanangu akizunguka kibarazani, mikono inakata hewa.

Akaja na ndoo ya vifungo kutoka karakanani. Akaandika namba ya kila nyumba ya mtaa wetu juu ya kifungo chake, akavitia vyote ndani, akakoroga. Nikamfunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, akawa anatoa kimoja kimoja.

"Koroga zaidi," akasema fundi baiskeli, "isije ikatoka ya mwenye nyumba wangu, ukamkumbusha kodi yangu."

Ikatoka. Zikatoka nyumba za wanaopenda wageni na za wasiopenda. Alipiga hodi kwa yule mstaafu mwenye mbwa mkubwa kama kabati, mbwa akamfungulia mlango mwenyewe. Kila nyumba alimuuliza mtu mmoja, peke yake, kwa sauti ya chini, na akaomba aonyeshwe sabuni iliyobaki. Karakanani msimamizi akamwambia atahamishiwa kushona vifungo kama hatamaliza sare. Akazimaliza kwa kuamka mapema, kisha akaendelea na hodi zake.

Halafu siku moja akaingia jikoni kwangu, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Hodi, mama mwenye nyumba."

"Umepatwa na nini?"

"Kifungo chako kimetoka."

"Kirudishe ndooni, utoe kingine."

"Siwezi, Bibi. Nikianza kuchagua ninaowataka, nimerudi kwenye kiti."

Akavuta kigoda, akashika kalamu. Nje nikawasikia wenzangu wanacheka kibarazani. Ulimi wangu ulikuwa na miche mia mbili tayari, na sababu zake zote, na ndani yake mlikuwa na tembo. Nikatazama ile kamba ya kupimia shingoni mwake, na macho yake yaliyochoka. Nikafungua kabati la chini ya karo la kuoshea vyombo nikamwonyesha.

"Minne," nikasema. Neno hilo lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki. "Na mtu akijua..."

"Majibu ya kila nyumba ni siri, Bibi. Ndio utaratibu."

Kumbe elimu ina adabu.

Siku ya kueleza nilikwenda chuoni, nikakaa safu ya nyuma na viatu vyangu vya harusi. Sindano akasimama mbele, hana uzi hata mmoja begani. Akawaonyesha kazi zote mbili: ya kibarazani, miche kumi na tisa, na ya vifungo, miche mitatu na kitu. Akaonyesha na mtawanyiko, nyumba zipi ziko mbali na zipi zimekusanyika.

"Kwa nini unatuonyesha ulipokosea?" akauliza mwalimu.

"Kwa sababu mtu angeagiza sabuni kwa ile ya kwanza, ingemdodea dukani. Na hesabu yake haikuwa na kosa, mwalimu. Nilijumlisha sawa, nikagawanya sawa. Niliwauliza watu mahali ambapo kidogo kinachekwa."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Huyo mwenye kiti ni nani?"

Sindano akatupa jicho safu ya nyuma. "Yupo. Lakini jibu lake ni siri."

Mwalimu hakucheka. Aliandika, akaandika, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Sasa umeelewa somo." Mtihani ukafuata, matokeo yakabandikwa.

Alasiri ile alifika kibarazani watu wamejaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza: kwamba paa la chuo lilinyanyuka, kwamba mwalimu alilia mpaka wakaleta ndoo. Sindano akasubiri nivute pumzi.

"Nimefaulu," akasema. "Nimepata B. Naendelea mwaka wa pili."

Watu wakasogeza madebe karibu wasikie zaidi.

"Ni hivyo tu?" fundi baiskeli akauliza. "Hiyo ni fupi mno. Debe!"

Nikainuka. Magoti yangu yakalia kuliko ile cherehani. Nikaupigapiga mto mpaka sura yangu ikatoka, nikasogeza kiti mbele yake.

"Kaa, mke mwenzangu."

"Bibi, B kweli, sijaongeza kitu."

"Nimesikia. Ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kusemwa hapa. Kaa."

Akakaa. Nikageuza debe, nikakaa mimi, na ukingo wake ukanichoma kweli kweli.