Siku Nilipomnadi Mkwe

Kiangazi kile, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, kila nyumba ya mlimani ilikuwa na shughuli, na yetu ilikuwa na mbili kwa mpigo. Dada yangu mdogo alikuwa mwali. Jumapili angetolewa nje kwa ngoma, na siku hiyohiyo wazee wa mchumba wake wangeshuka kutoka Kinole kuzungumza mahari na mjomba wetu. Jumamosi ilikuwa ya majirani, marafiki na watani wetu wa Turiani. Mtani huingia bila hodi, huketi pasipo pake, humbeba kuku wako huku unamtazama, nawe unamjibu kwa jivu na matusi. Akinuna, huyo si mtani.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa ndizi mjini Morogoro, kijana mwenye mdomo. Mkungu niliuhesabu mara mbili, juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu, maana ndizi za mlimani zina tabia ya kuongezeka zikihesabiwa na mwenye nazo. Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilishinda sokoni. Mchana nikapita uwanjani kuitazama timu ya mtaa wetu ikifungwa na vijana wa reli. Nikapanda nyumbani koo limekauka, natafuta wa kumcheka.

Uani nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda cha mjomba, kigoda ambacho sisi hata kukisogeza tuliogopa. Mzee mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, kibuyu cha togwa mkononi. Nikapiga hesabu: kigoda, togwa, vumbi la safari. Nikaipiga tena, ikatoka vilevile. Mtani huyu.

Hata shikamoo sikumpa.

"We mzee wa Turiani! Nani kakuruhusu kukalia kigoda cha watu na hayo makalio makavu kama pumba za mpunga?"

Ua mzima ukacheka. Nikachota jivu jikoni, nikammwagia kichwani konzi moja, kisha ya pili. Halafu nikamshika bega, nikaanza kumnadi.

"Haya, wanunuzi, sogeeni! Mzee mmoja, kala kidogo, katumika sana. Meno..." Nikamwinua mdomo wa juu kwa kidole. "Meno ya uji bado anayo. Nani ana bei?"

"Kuku!" akapaza sauti rafiki yangu, fundi baiskeli.

"Kuku mzima kwa mifupa hii? Utafilisika, ndugu yangu. Shusha!"

"Kikapu cha mihogo," akasema jirani yetu muuza vitumbua, "na kikapu changu mnirudishie!"

"Kauzwa!"

Mzee hakujibu neno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa kuwa mtani wa kweli angekuwa ameshanipaka masizi na kunitukania ukoo. Yeye alinitazama tu, kama mtu aliyejibanza barazani anasubiri mvua ipite.

Mama akatoka na sinia la wali. Akaona jivu. Akaliweka sinia chini palepale alipokuwa, akapiga magoti.

"Mkwe wangu," akasema. "Mkwe wangu, tusamehe."

Alikuwa baba wa mchumba. Alikuwa amepata lifti ya lori la machungwa, akafika siku moja kabla. Mama mwenyewe ndiye aliyemkalisha kwenye kigoda kile kwa heshima, akampa togwa, akaingia ndani kumpakulia. Mtu ambaye kwetu ukipishana naye njiani unainamisha uso, mimi nilikuwa nimemfungua mdomo kwa kidole mbele ya mtaa.

Mzee akasimama. "Nimeuzwa kwa mihogo, mama," akasema polepole. "Sijui kama mtu wa mihogo anaweza kuposa." Akachukua fimbo yake, akateremka kwenda kulala kwa nduguye kule Msamvu, mjini.

Ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, nikamsikia mwali akilia, na mwali hatakiwi kusikika.

Mjomba alipopata habari hakufoka. "Bwana hesabu," akaniambia, "kesho alfajiri utabeba mbuzi."

Nikambeba mbuzi jike begani mpaka Msamvu, mjomba ametangulia. Mlangoni nikapiga magoti, nikaanza kueleza: kigoda, vumbi... Mzee akainua mkono.

"Mbuzi nimempokea. Nitakuja. Ila huyu asifungue mdomo shughuli nzima. Akisema neno moja, mimi nasimama."

Mjomba akanitazama, tukaelewana. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa mdomo wake wa kupatana mahari siku hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kununua kanzu kwa bei ya kwanza na kumshukuru mwenye duka.

Basi mchana tukakaa mkekani, uani kwetu. Mzee akataja mbuzi wawili. Mimi nilikuwa nimepanga tuanzie sita. "Sawa," akasema mjomba. Mzee akataja blanketi moja la mama. "Sawa." Kila akitaja kitu alinitupia jicho, nami nikavihesabu vidole vyangu vya miguu, mara mbili. Mama alikuwa amemlea binti yule kwa kushusha mboga kichwani mpaka sokoni, na aliambulia blanketi moja, tena jepesi. Alilipokea kwa mikono miwili bila kunitazama. Dada naye alitolewa amepakwa mafuta, amependeza, akacheza ngoma yake akizunguka ua wote isipokuwa upande niliokaa.

Jioni nilimbebea mzee mzigo mpaka kwenye lori. Alipogeuka kupanda, nikaona jivu limebaki nyuma ya sikio lake, mstari mweupe ambao kijiji kizima kingeuona. Nikanyoosha mkono kumwonyesha. Akanitazama. Nikaushusha, na lori likaondoka naye hivyohivyo mpaka Kinole.