Mwenye Pua

Fundi wa oveni aliitwa Bwana Pua, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Aliingia jikoni kwa mtu, akawasha oveni, akafumba macho, akanusa, kisha akataja ugonjwa wa oveni kabla hajashika bisibisi. Basi mafua makali yakaja yakamnyang'anya uwezo wa kunusa, na siri hiyo hakumwambia mtu isipokuwa mkewe. Tangu hapo mkewe ndiye aliyembebea mkoba wa vifaa na kumnusia. Akikohoa mara moja, ni mafuta ya zamani yanaungua. Mara mbili, ni waya. Mara tatu, gesi inavuja.

Siku moja waliitwa na mwalimu mstaafu. Mke alikuwa na kikohozi cha kweli, lakini kwa ubishi wake alikataa katakata kubaki nyumbani. Oveni ilipowashwa akakohoa mara moja, mbili, tatu, saba. Bwana Pua akachanganyikiwa. Akafunga gesi, akachomoa nyaya, akang'oa mlango, akaitandaza oveni nzima sakafuni huku jasho likimtiririka.

"Baba watoto, ni kijiko cha plastiki!" mkewe akafoka alipopata pumzi. "Kimeyeyukia kule nyuma!"

Bwana Pua alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu alimpa mama kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha akamgeukia fundi.

"Usihangaike, fundi. Mtaa mzima tunajua mwenye pua ni nani. Tunakupigia wewe kwa sababu yeye hana simu."