Magodoro ya Albamu

Wiki iliyopita, magodoro yalipotolewa nje kwa msiba wa baba hapa Ifakara, nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni. Wanakwaya waliyabeba magodoro yetu hadi kwenye ghala la mpunga lililonuka pumba, wakaanza kuimba nyimbo za mbinguni. Nikajua baba kafa, nikaangua kilio mlangoni.

Baba akatoka na gitaa lake la umeme, akaniinamia. "Nani kafa, mama? Tunarekodi albamu. Magodoro yanazuia mwangwi."

"Na kilio kimeshaingia kwenye kanda, msanii," shangazi, aliyekuwa kwenye kwaya, akanitania.

"Kibaki humohumo," baba akasema.

Leo nina diploma ya sauti na studio niliyoijenga mwenyewe. Hakuna kelele inayonishinda kufuta. Msibani niliipiga albamu ile bila kufuta kitu. Kilio changu kilisikika chote, nami nimekaa godoroni, macho makavu.